Kikombe cha Mtu Asiyekuwepo

Gari jeupe la serikali lilikuwa limekwisha ipita minara ya ngano, likakipita na kile kibao cha kuwaaga wasafiri, na mji wa Wirrapinga ulikuwa unazidi kunywea kwenye kioo cha nyuma, ndipo Verna Hosking alipoikumbuka keki.

Alikuwa amepewa na yule bibi wa karakana, Dot Kitto, imefungwa kwenye karatasi. “Ya njiani, mpenzi,” Dot alimwambia, akimsukumia mkononi kama mtu anayemharakisha mgeni aondoke kabla mvua haijanyesha. Ilikuwa keki ya chokoleti iliyopakwa nazi. Verna aliila kwa mkono mmoja, mwingine kwenye usukani, na makombo ya nazi yakamwagikia ripoti iliyokuwa kwenye kiti cha pembeni.

Ripoti ilikuwa karibu kwisha. Kwa jinsi alivyoiona yeye, kesi nayo ilikuwa imekwisha.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Serikali ina mpango: mwajiri akimchukua mtu aliyevuka miaka hamsini, aliyekaa muda mrefu bila kazi, serikali humsaidia kulipa sehemu ya mshahara kwa miezi ya mwanzo. Garth Polkinghorne, mwenye karakana ya maturubai pale Wirrapinga, alikuwa amemwandikisha mtu mmoja, Rex Lathlean, miaka sitini na mmoja, fundi wa kushona viti vya magari. Kiwanda alichokuwa akifanyia kazi kilifungwa, na tangu hapo alikaa miaka mitatu akihesabu mbao za dari. Halafu mtu mmoja, jina hakutaja, alipiga simu wizarani akasema: “Huyo Rex hafanyi kazi yoyote. Kila asubuhi pikapu yake iko Klabu ya Matufe. Yeye anacheza, nyinyi mnalipa.”

Mfanyakazi hewa, basi. Verna, mpelelezi wa wizara, alitumwa kutoka mji mkuu wa jimbo, Adelaide, bila kutoa taarifa, maana mtu ukimpigia hodi mapema anapata muda wa kufagia. Na kama ripoti ile ingefika ofisini jinsi ilivyokuwa, Garth Polkinghorne angeitwa mahakamani, karakana ingefungwa, na Rex Lathlean angerudi kwenye foleni ya wasio na kazi akiwa na doa, na hakuna mwajiri angemtazama mara mbili.

Asubuhi ile Verna aliingia karakanani saa ya chai. Bosi hakuwepo, alikuwa amepeleka turubai kwenye shamba la kondoo, huko ambako simu haishiki. Mafundi walikuwa wameketi kwenye masanduku kuizunguka meza, kila mmoja na kikombe chake. Verna alijitambulisha.

“Natoka wizarani. Namuulizia Rex Lathlean.”

Inzi mmoja akazunguka juu ya sahani ya keki, hakuna aliyemfukuza.

“Rex nani?” akauliza mkata turubai, mzee mmoja aitwaye Neville Bruhn, mwenye sikio moja zima na ulimi mmoja mzima kupita kiasi.

“Lathlean.”

“Hapa kwetu hakuna mtu wa jina hilo. Kulikuwa na mbwa anaitwa Rex, lakini alikufa. Au ndiye unayemtafuta?”

“Namtafuta mtu anayefanya kazi hapa.”

“Basi hata mbwa siye. Yule naye alikuwa mvivu.”

Wakacheka. Verna akamgeukia Dot, aliyeonekana kuwa mkubwa wa wote ingawa kimo chake kilikuwa cha mtoto wa shule.

“Na wewe, mama?”

“Mimi hapa nina miaka ishirini, mpenzi. Ningemjua. Kaa unywe chai.”

Wengine wakaulizwa mmoja mmoja. Mmoja alisema hajawahi kusikia, mwingine alisema amesikia lakini ni mtu wa Port Pirie, wa tatu alisema Rex yule alihamia Tasmania akaoa. Verna akaandika. Mashahidi wote walikuwa wamekana, na hakuna hata mmoja aliyesita. Mama mwenye moteli alikolala, Coralie Schirmer, naye alikuwa amemwambia tangu asubuhi akimmiminia kahawa: “Ukifika kwa Polkinghorne, huyo Rex wao humkuti.” Ushahidi ulipangana kama matofali.

Tatizo lilikuwa keki. Nazi ilikuwa imemkaba, koo ikataka maji, na kwa kutaka maji Verna akaikumbuka chai aliyokunywa pale, na kwa kuikumbuka chai akakikumbuka kikombe.

Alikanyaga breki. Kundi la kasuku wa kijivu na waridi waliokuwa wakidonoa ngano iliyomwagika kando ya barabara wakaruka wote kwa pamoja, wakimtukana.

Kikombe chenyewe kilikuwa kikubwa, cha buluu, kimemeguka ukingoni. Dot ndiye aliyekinyakua kutoka kwenye kulabu ukutani, haraka, kabla Verna hajaketi, akasema, “Hiki cha wageni.” Lakini ndani kilikuwa cheusi. Chai ilikuwa imekitia rangi tabaka juu ya tabaka, kama gome la mti.

Verna alikuwa amekunywa chai kwenye karakana, vituo vya zimamoto na mabanda ya kunyolea kondoo nusu ya nchi ile. Kikombe cha kazini hakioshwi kwa sabuni. Mwenyewe anakisuuza tu, anakitundika, na ole wake anayekigusa: watu wamenuniana mwaka mzima kwa kikombe. Cha mgeni ni kinyume chake. Cha mgeni huoshwa, na wageni ni wachache, kwa hiyo ndani hubaki cheupe.

Basi kile hakikuwa cha mgeni. Kilikuwa cha mtu anayekunywa chai pale kila siku. Na kila mtu aliyekuwepo pale alikuwa ameshika cha kwake.

“Sasa kwa nini,” Verna akawauliza kasuku, waliokuwa wamerudi kwenye ngano yao, “mtu anyakue kikombe cha mwenziwe akakifiche mkononi mwa mpelelezi?”

Kwa sababu kingebaki kwenye kulabu kingeuliza swali. Yule bibi alikuwa na akili.

Mtu anayemficha mfanyakazi hewa husema yupo. Husema ametoka sasa hivi, yuko dukani, kaenda kwa daktari. Hawa walikuwa wamesema hayupo, hajawahi kuwepo, ni mbwa, na amekufa. Walikuwa wanaficha kitu kingine kabisa. Verna akairudia asubuhi ile tangu mlangoni, neno kwa neno, mpaka akayafikia maneno yake mwenyewe: natoka wizarani, namuulizia fulani.

Akageuza gari.

Alipoingia karakanani mara ya pili, mashine zilinyamaza moja baada ya nyingine. Kwenye kulabu ukutani kikombe cha buluu kilikuwa kimerudi mahali pake.

“Umesahau kitu, mpenzi?” Dot akauliza.

“Nimesikia kiu. Mngenipa chai nyingine?”

Wakatazamana. Neville akachukua kikombe kutoka kabatini, cheupe, kina picha ya malkia wa zamani. Verna akakitazama ndani. Kilikuwa safi kama sahani mpya.

“Asubuhi mlinipa kile cha buluu.”

“Tumekuona umekuwa mwenyeji,” Neville akasema. “Mwenyeji hupewa malkia.”

“Kile ni cha nani?”

“Cha mtu yeyote.”

“Basi nipe hicho cha mtu yeyote.”

Neville hakuondoka alipokuwa. Verna akakiacha kikombe, akaenda kwenye kona, ilikokuwa cherehani moja kubwa imefunikwa kwa gunia. Asubuhi walimwambia ni mbovu. Alipolifunua gunia, kulikuwa na uzi wa kijani kwenye sindano na mafuta mabichi kwenye gurudumu. Miguu ya meza ilikuwa imeinuliwa kwa magogo manne ya mti mwekundu, yamekatwa vizuri, yamepigwa msasa.

“Dot,” Verna akasema, “hebu njoo ukae hapa.”

“Kwa nini?”

“Nione miguu yako inafika wapi.”

Hata wale mafundi wengine walitabasamu kidogo. Dot angekaa pale angening'inia kama nguo kwenye kamba. Neville naye hakuwa mrefu, na wale wengine walikuwa watu wa kawaida. Meza ile ilikuwa imeinuliwa kwa ajili ya mtu ambaye akipita mlangoni huinama.

“Mashine mbovu haitiwi mafuta,” Verna akasema. “Wala haiinuliwi kwa magogo kwa ajili ya mtu asiyekuwepo. Nauliza mara ya mwisho.”

“Na sisi tunajibu mara ya mwisho,” Dot akasema, kidevu juu. “Hatumjui.”

Wakati huohuo lori likaingia uani, likanguruma, likazimika. Garth Polkinghorne akaingia, mtu wa makamo, kofia imejaa vumbi la safari, njaa usoni. Hakumtazama hata mgeni. Akatazama kulabu.

“Jamani, mbona kikombe cha Rex kikavu? Leo hajaja kunywa chai? Anaumwa?”

Ningekuwa mchoraji ningewachora watu wale. Dot alifumba macho. Neville alijikuna sikio lake zima. Mmoja wa mafundi akakaa polepole juu ya sanduku, kama mtu aliyeambiwa matokeo ya mtihani.

“Nini?” Garth akasema. “Nimesema nini?”

Verna akamwonyesha kitambulisho. “Bwana Polkinghorne, nimekuja kuhakiki ruzuku ya mshahara wa Rex Lathlean. Watu wako wote wameniambia hakuna mtu wa namna hiyo hapa.”

Garth akageuka rangi. “Mmesema nini?”

Neville akakirudisha kikombe cha malkia kabatini.

“Mama Dot! Ruzuku inalipwa kwa sababu Rex yupo! Wakiamini hayupo, mimi nimeiba! Mimi ni mwizi, Rex hana kazi, na nyinyi mnakwenda kushona mito ya makochi majumbani kwenu!”

“Sasa sisi tungejuaje?” Dot akalipuka. “Mtu anaingia na gari la serikali, anataja jina la mtu! Huyo anakuja kwa wema? Mwaka juzi walimjia mpwa wangu hivyohivyo, alikuwa anafanya kibarua cha kuchuma zabibu huku anapokea posho ya wasio na kazi, wakamnyang'anya mpaka hamu ya kula. Nikadhani ni mambo hayo. Nikadhani wanataka kumkamata Rex *anafanya* kazi!”

“Nimekuja kumkamata hafanyi,” Verna akasema.

“Si ungesema tangu asubuhi!”

Hapo Dot alikuwa na haki. Katika nchi ile mtu husamehewa ulevi, husamehewa kumpora mwenziwe mke, lakini kumchongea mwenzake serikalini hasamehewi mpaka kaburini, na hata kaburini watu hupita upande wa pili. Mpelelezi aliyezaliwa palepale alipaswa kulijua hilo. Aliuliza swali kama mkamataji, akajibiwa kama mkamataji. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Watu hawa walimficha rafiki yao vizuri hata wakakaribia kumzika.

Sasa ikawa mafuriko. Kila mtu alitaka kutoa ushahidi.

“Anakaa pale kila alasiri! Anapiga mluzi!”

“Mluzi mbaya!”

“Anakula samaki wa kopo, karakana nzima inanuka!”

“Kofia yangu hii ameishona yeye!”

“Ni mrefu hivi! Taa ile amekwisha igonga kwa kichwa mpaka imepinda!”

Verna akainua mkono. “Asubuhi mliniapia kuwa ni mbwa. Sasa mnaniapia kuwa ni malaika. Nikienda na ushahidi huu ofisini watanicheka. Mtu anayebadili maneno inapomfaa, maneno yake yote mawili hayana uzito. Nipeni Rex mwenyewe. Alasiri yuko hapa, sawa. Asubuhi yuko wapi?”

Mafuriko yakakauka. Dot akamtazama Neville. Neville akatazama viatu.

“Asubuhi,” Garth akasema taratibu, “yuko Klabu ya Matufe.”

Ndivyo alivyosema yule mpiga simu.

Klabu ilikuwa barabara ya pili, mkabala na moteli ya Coralie Schirmer. Walikwenda kwa miguu, msafara mzima, Verna mbele. Kiwanja cha kuviringishia matufe kilikuwa kijani, kimenyolewa kama kichwa cha askari, na hakuna mtu aliyekuwa akicheza. Pikapu ya zamani ilikuwa imeegeshwa kwenye kivuli cha mkalitusi.

“Simu,” Verna akasema bila kugeuka. “Dot, asubuhi nilipokuwa nakunywa chai ulikwenda chooni. Ulimpigia?”

“Nilimwambia asije kunywa chai,” Dot akakiri. “Na mtu akimuuliza, aseme ni mwanachama.”

Verna akasukuma mlango wa ukumbi.

Ule ukumbi huchezewa dansi Jumamosi na karata Ijumaa. Siku ile hakukuwa na sakafu. Kutoka ukuta hadi ukuta, mpaka chini ya jukwaa, kulikuwa kumetandazwa turubai moja la kufunikia lundo la ngano, kubwa kiasi kwamba ungeweza kuwafunika watu wote wa Wirrapinga pamoja na mbwa wao. Katikati yake, kwa magoti, mzee mmoja mrefu alikuwa akishona kiraka. Magotini alikuwa amejifunga pedi za ngozi, zimekatwa kwenye kiti cha gari.

“Habari za mchana,” Verna akasema. “Wewe ni nani?”

“Mimi? Mwanachama. Nimekuja kucheza matufe.”

“Kwa sindano?”

Akaitazama sindano mkononi mwake kana kwamba mtu mwingine kaiweka. “Nangoja zamu.”

“Kwa magoti?”

“Nina mgongo mbaya.”

“Rex,” Dot akaita kutoka mlangoni, “acha. Mambo yamegeuka. Sasa inatakiwa uwepo.”

“Niwepo? Si ulisema nisiwepo?”

“Asubuhi usiwepo. Sasa uwepo!”

“Tangu lini?”

“Tangu huyu bosi wako alipofungua mdomo.”

Rex Lathlean akasimama. Kusimama kwake kulichukua muda, kila kiungo kwa zamu yake, na alipomaliza Verna alilazimika kuinua shingo. Akamweleza kwa maneno mafupi alichokuja kufanya. Rex akasikiliza huku akiichomeka sindano kwenye kola yake.

“Kule karakanani maturubai hayaenei,” akasema. “Haya ya ngano lazima uyatandaze ndio uone matundu. Klabu wanatuazima ukumbi asubuhi. Alasiri narudi kwenye mashine. Ndiyo kazi yenyewe, mama. Sina nyingine ya kukuonyesha.”

“Na kama isingekuwepo hii?”

“Nilituma maombi mpaka wino ukanichoka. Wengi hawakujibu. Kijana mmoja alinijibu, akaniuliza kama najua kutumia simu. Nikamwambia: si ndiyo ninayoongea nayo?” Akacheka, kisha akaacha. “Garth alinichukua kwa sababu serikali ilimshika mkono, sikatai. Lakini nikitoka hapa kwa jina la wizi, hakuna atakayenishika tena. Hilo andika.”

Verna hakuandika. Alikuwa anatafuta kitu kimoja kilichobaki. Mtu kupatikana na sindano leo si sawa na mtu kufanya kazi tangu majira ya baridi hayajaingia. Bosi angesema ndiyo, marafiki wangesema ndiyo mara kumi. Rafiki akikutetea, nusu ya maneno yake ni mapenzi. Alimhitaji mtu asiyempenda Rex Lathlean.

Akaletwa na miguu yake mwenyewe. Mlango wa nyuma ukafunguka, akaingia Merv Nankervis, mtunza kiwanja na ukumbi, reki mkononi, uso umekunjamana kama ndimu kuukuu.

“Wewe ndiye serikali?”

“Ndiyo.”

“Afadhali! Nimelalamika mpaka sauti imenikauka, hakuna anayesikia. Tazama sakafu yangu!” Akainua pembe ya turubai. Nta ilikuwa imekwaruzwa milia milia, ya zamani chini, mipya juu. “Hii niliipiga nta kwa mkono. Halafu huyu twiga akaja na matambara yake.”

“Alikuja lini?”

“Kabla ya baridi. Siku aliyokuja ndiyo siku niliyowahamishia akina mama wa karata jikoni, na hawajanisamehe mpaka leo. Waulize! Kila Ijumaa wananiuliza, Merv, huyo mtu anamaliza lini? Nawaambia, ngano ya nchi nzima ina matundu.”

“Huja mara moja moja?”

“Mara moja moja ningeshukuru! Kila asubuhi. Sijafungua kufuli yeye yupo mlangoni, anapiga mluzi.”

“Mluzi mbaya?”

“Mluzi wa mateso.”

“Na matufe huwa anacheza?”

Merv akamtazama Rex kutoka juu hadi chini, na safari ilikuwa ndefu. “Huyu? Huyu hajui hata tufe limeelemea upande gani. Mwanachama gani!”

Nyuma ya Verna, Neville akapiga makofi taratibu. “Merv, ndugu yangu, tangu nizaliwe sijawahi kufurahi kukusikia ukilalamika.”

“Mimi sikuja kukufurahisha wewe!”

“Ndiyo uzuri wake,” Verna akasema, na sasa ndipo akatoa kalamu.

Akawauliza na akina mama wa karata, wawili walioishi jirani, kila mmoja peke yake. Wote walikuwa na hasira, na hasira zao zilifanana kwa kila jambo la maana. Akazitazama tabaka za mikwaruzo, akaugusa uzi kwenye viraka, kuukuu uliopauka na mpya wa kijani, kiraka baada ya kiraka, mshono wa mkono mmoja. Alipomaliza, ripoti ya asubuhi ilikuwa haifai hata kufungia keki.

Dot alimkuta nje akiichana.

“Sasa tuambie,” akasema kwa sauti ya chini, akijongea. “Nani aliyetuchongea?”

“Hakutaja jina.”

“Lakini wewe unajua. Nakuona. Una macho kama yangu.”

Verna alitazama ng'ambo ya barabara. Kutoka dirisha la jiko la moteli mtu angeiona pikapu iliyo chini ya mkalitusi kila asubuhi, na asingeona ndani ya ukumbi. Coralie Schirmer alikuwa amemtaja Rex wakati wa kumimina kahawa. Verna hakuwa amemwambia mtu yeyote pale motelini jina hilo, wala shughuli iliyomleta.

“Mnaniambia nimchongee mtu?” akauliza. “Nyinyi?”

Dot akacheka mpaka akashikilia uzio. 

Verna akavuka barabara peke yake. Coralie alikuwa akifuta kaunta ambayo ilikuwa safi. Mumewe, Lyle, mtu mnene mpole, alikuwa kwenye ngazi uani akibandika mabati ya paa ambayo hayakuwa yamebanduka.

“Umerudi,” Coralie akasema.

“Nimesahau kuacha ufunguo.” Verna akauweka juu ya kaunta. “Mumeo ana muda gani hana kazi?”

Kitambaa kikasimama. “Tangu wafunge kituo cha reli.” Kisha, kwa kasi, kama mtu anayetapika: “Aliomba nafasi ileile. Kwa Polkinghorne. Akaambiwa imechukuliwa na mtu wa mjini. Halafu kila siku naiona ile pikapu, naiona, na Lyle yuko juu ya paa...”

“Anashona turubai mle ndani,” Verna akasema. “Kwa magoti. Kila asubuhi. Ungevuka barabara ungemwona.”

Coralie akakaa kwenye kiti. Akatazama ng'ambo ya barabara.

“Utawaambia?”

“Niwaambie nini? Simu haikutaja jina.” Verna akachukua pipi moja kwenye bakuli la wageni. “Lakini maturubai ya ngano ni mengi, mavuno hayako mbali, na Rex ana magoti mawili tu. Ule mpango haukomi kwa mtu mmoja. Mwambie Lyle ashuke kwenye hilo paa, avuke barabara, amuulize Garth. Avuke leo.”

Hayo ndiyo yaliyotokea Wirrapinga, na waliohusika waliishia hivi.

Garth Polkinghorne hakushtakiwa. Alipata sehemu ya mwisho ya ruzuku ya Rex, na ruzuku ilipokwisha hakumwachisha kazi.

Rex Lathlean bado yuko pale. Alijifunza matufe, akawa mchezaji mbovu, lakini sasa ni mwanachama kweli.

Lyle Schirmer aliajiriwa kabla ya mavuno. Yeye na Rex hushona turubai moja kutoka ncha mbili, wakakutana katikati. Coralie huwapelekea pai za nyama saa sita, na hajawahi kumweleza mtu yeyote kwa nini hataki malipo.

Merv Nankervis alipigiwa nta ukumbi wote na mafundi wa karakana, bure. Analalamika kuwa sakafu inateleza.

Neville Bruhn alifariki mwaka uliofuata, usingizini. Kikombe chake hakikushushwa.

Dot Kitto alistaafu, akachoka na nyumba, akarudi.

Verna Hosking alifanya upelelezi miaka mingine mitatu. Kisha mkataba wake haukuongezwa. Alikaa muda mrefu bila kazi, akiwa na miaka hamsini na tisa, mpaka mkulima mmoja wa zabibu kule Riverland alipomchukua kwenye ghala lake, kwa ruzuku ileile. Siku ya kwanza ya kazi alifika mapema, akatafuta kulabu iliyo wazi ukutani, akatundika kikombe alichokuja nacho kutoka nyumbani, cheupe ndani.